Ulichomwambia Baba Yako

3 Juni

Mwanangu Kidomo,

Nakusalimu kwanza, maana nikianza na habari yenyewe salamu nitazisahau, halafu useme shangazi yako amezeeka na adabu zimemwisha. Hujambo? Umekula? Ule mgongo uliokuwa unakuuma kwa kuwainua wazee wa watu umepata nafuu? Mimi ni mzima, miguu tu imevimba kwa kusimama.

Sasa kaa chini. Kama uko kazini nenda hata chooni ukakae, usisome hii barua umesimama.

Baba yako yuko hospitali, wodi ya mahututi. Yuko hai. Nimeandika hilo mapema ili usiruke mistari kulitafuta.

Na usinipigie simu, tafadhali. Nikisikia sauti yako nitalia, nikilia watu wa bekari wote wataacha kazi waje kunibembeleza, na mikate itaungua. Nikiandika, pakiwa pagumu naweka simu chini, navuta pumzi, naendelea.

Ilikuwa hivi. Alijikata kiganjani na ukingo wa bati la mkate, yale mabati makuukuu ninayomwambia ayatupe tangu wewe hujaota meno ya mbele. Kidonda chenyewe cha kuchekesha, mchubuko tu. Akafunga kitambaa, akaendelea kukanda unga. Namwambia nenda zahanati, ananijibu mkono ni wake. Unamjua. Siku chache baadaye mkono ukavimba mpaka kwenye kiwiko, akaanza kutetemeka kwa baridi akiwa amesimama mbele ya oveni inayowaka. Mbele ya oveni, mwanangu. Halafu akatia chumvi mara mbili kwenye donge moja, na nilipomfokea akaniita jina la marehemu mama yetu. Hapo sikumbembeleza tena. Nilimpakia kwenye gari la kusambazia mikate, katikati ya makreti, tukaenda.

Wanasema vijidudu vya kile kidonda vimeingia kwenye damu na kusambaa mwili mzima. Ugonjwa wenyewe wanauita sepsisi. Presha yake imeshuka sana, wanaipandisha kwa dawa inayopita kwenye mrija. Wamemlaza kwa dawa za usingizi, na mashine inampumulia. Juu ya kichwa chake kuna skrini inayoonyesha mapigo ya moyo, na mimi nikifika naangalia skrini kabla ya kumwangalia yeye.

Kuna nesi mmoja mrefu, mwembamba, nimempa jina la Nesi Kijiti, usiniangushe ukamwambia mtu. Yeye anasema tuongee na mgonjwa hata kama amelala, ndiyo desturi ya wodi yao. Hakuna anayejua kinachofika ndani, lakini wanaomba tuongee. Basi nimeongea. Nimemsimulia ugomvi wangu na fundi wa oveni tangu mwanzo mpaka mwisho, nimemsimulia wateja wanavyolalamika mkate ni mgumu tangu nianze kukanda mimi. Nimeishiwa maneno. Na nadhani hata yeye amenichoka. Anayetamani kumsikia ni wewe. Rekodi sauti yako unitumie, nitamwekea sikioni.

Ni mimi shangazi yako

*

4 Juni

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Nimesoma nimekaa, kama ulivyosema, kwenye chumba cha kufulia, juu ya kapu la mashuka. Nashukuru kwa kuniambia kwamba yuko hai kabla ya mengine. Miguu yako iweke juu ya kiti ukipata nafasi, na ule. Nakujua, utamlisha kila mtu usahau tumbo lako.

Nimemwambia msimamizi kwamba baba yangu anaumwa. Akanipa pole, akaniuliza kama nataka kwenda. Unajua habari ya kibali changu: cha zamani kinakwisha, kipya hakijatoka. Nikivuka mpaka kabla hakijatoka, siruhusiwi tena kuingia, na kila kitu nilichokijenga huku kinaishia hapo hapo. Nilikuwa nimesimama mbele yake nimeshika beseni la maji, maji yanapoa, na mzee wangu anasubiri kuogeshwa. Nikasema nitafikiri. Mtu gani anafikiri kuhusu baba yake?

Sauti nimerekodi, nimekutumia. Nilijaribu mara nyingi. Mwanzo nilikuwa naongea kama ninavyoongea naye Jumapili kwenye simu, habari za kazi, habari za hali ya hewa, anasema "haya", nami nasema "haya." Nikafuta. Halafu nikasema ninachotaka kusema kweli. Kwa hiyo nakuomba, Shangazi, mwekee kwenye vile vidude vya sikioni, na wewe usisikilize. Najua utatamani. Usisikilize.

Niambie alivyo. Niambie na rangi ya uso wake.

Mwanao

*

6 Juni

Mwanangu,

Hujambo. Salamu zako nilizipata na miguu niliiweka juu ya kiti, asante. Leo sitazunguka sana.

Nilimwekea sauti yako. Nesi Kijiti aliniruhusu, akanisaidia hata kukipachika kile kidude sikioni ili kisianguke. Sikusikiliza, nakuapia, japo masikio yangu yalitamani. Baba yako alikuwa ametulia, mapigo yapo pale pale yalipokuwa jana. Sauti yako haijafika hata mwisho, zile namba zikapanda ghafla, zikashuka, zikapanda tena. Ule mstari wa kwenye skrini ukawa unakwenda hovyo kama umechorwa na mtoto. Mashine ikaanza kulia. Wakaja wengi, mmoja akanishika mabega akanitoa nje, nikabaki nyuma ya kioo. Wakamshtua kwa umeme. Niliuona mwili wa kaka yangu ukiruka kitandani.

Wameyarudisha mapigo, lakini hayajakaa sawa. Yanakwenda mawili, yanasita, yanakimbia. Sikumwuliza mtu sababu. Ya nini kuuliza, nilikuwepo, niliona kwa macho yangu.

Sijui ulimwambia nini na sitaki kujua. Labda ni furaha, labda ni uchungu, nyie wawili mna yenu ambayo hamjawahi kuyamaliza. Lakini moyo wake hauwezi kukubeba sasa hivi. Ile sauti nimeifuta. Na wewe ifute, isije ikanirudia kwa bahati mbaya. Na kuhusu kuja, usije. Kama sauti peke yake imefanya vile, ukitokea mlangoni kwa miguu yako itakuwaje? Kaa huko, ngoja kibali chako. Mimi nipo hapa.

Usinune. Nakupenda kuliko unavyojua, lakini huyu ni kaka yangu pekee.

Shangazi yako

*

7 Juni

Shangazi,

Shikamoo.

Nimeifuta. Nimeifuta kwa hasira, halafu hasira ilipopoa nikataka kuirudisha, haipo. Sasa hata mimi sijui niliyasemaje.

Naomba nikuulize kitu, na unijibu kama mtu mzima anavyomjibu mtu mzima. Siku nilipoondoka, gari lilipiga honi pale nje. Wewe ulitoka, majirani walitoka, hata fundi wa oveni alitoka na mikono yake ya masizi. Baba hakutoka. Nilirudi ndani nikamkuta amesimama mbele ya oveni amenipa mgongo, nikamwambia, "Baba, gari limefika." Akasema, "Haya." Hakugeuka. Nilisubiri. Mpaka leo nikifumba macho nauona ule mgongo, na ile fulana iliyochanika begani.

Kwa hiyo unaponiambia moyo wake umenikataa, mimi naamini. Hilo ndilo linaloniuma. Sijashangaa hata kidogo.

Lakini hata hivyo, tafadhali, muulize daktari. Muulize kama kweli sauti ya mtu inaweza kufanya vile. Nilikuwa nimeshamwambia msimamizi kwamba nitakwenda, kibali kiishe kikiisha. Nilikuwa nimeanza kukunja nguo. Sasa nimezikunjua, zimelala kitandani, na mimi nalala pembeni yake. Nikija nikamuua, Shangazi, nitaishi wapi?

Muulize tu.

Mwanao

*

8 Juni

Mwanangu,

Nimekusikia. Sina nguvu ya kubishana. Leo amevimba uso, mkojo hautoki vizuri, na presha inashuka kila wakijaribu kupunguza dawa. Wanasema moyo umelegea, hausukumi damu inavyotakiwa. Madaktari wanaingia na kutoka, sura zimekaza, wewe unataka nimshike mmoja koti nimwulize habari za simu?

Madaktari wanajua mwili. Mimi namjua kaka yangu. Tukiwa watoto akifokewa alikuwa anashika kifua.

Kaa huko. Uniombee na mimi.

Shangazi yako

*

15 Juni

Mwanangu Kidomo, Kidomo wangu, uko wapi?

Hujambo lakini? Nimekuandikia ujumbe mfupi mara nyingi, hujibu. Naona kwamba umesoma, kwa hiyo najua hujafa, umenuna. Haki yako. Lakini hii isome mpaka chini, maana nina habari, na nyingine ni za kunifedhehesha mimi.

Kwanza, baba yako: homa imeshuka. Dawa za kuua vile vijidudu zimeanza kuvishinda, mkono umepungua uvimbe baada ya kuupasua na kuusafisha. Bado amelala, bado mashine inampumulia. Lakini rangi yake imerudi, uliniuliza rangi. Alikuwa wa majivu, sasa anafanana na yeye.

Pili. Juzi alikuja daktari wa moyo. Msichana, mwanangu, yaani ningekutana naye barabarani ningemtuma dukani. Akaja na mashine ya kupigia picha, ile wanayoiweka kwenye matumbo ya wajawazito. Nikamwambia, "Daktari, umekosea kitanda, huyu ni kaka yangu." Akacheka mpaka akaegemea ukuta. Akasema kwa mashine ile ile wanaangalia na moyo. Alipomaliza akanikuta kwenye benchi la nje akakaa, na kwa vile alikuwa amecheka nami, nikapata ujasiri. Nikamweleza habari ya sauti yako.

Hakunicheka. Aliniuliza ilikuwa siku gani, akarudi ndani, akakaa sana, akatoka. Akaniambia ile mashine inatunza mapigo ya siku nzima, na siku ile moyo ulikuwa umeshaanza kuruka ruka tangu asubuhi, mimi nikiwa bado bekari nafunga mifuko. Anasema wanaliona sana jambo hilo kwenye wodi ile. Mwili ukipigana na vijidudu vilivyoingia kwenye damu, vita yenyewe inaujeruhi moyo, hata moyo ambao haukuwa na ugonjwa wowote. Mwingine unalegea, mwingine unapoteza mwendo, wa baba yako umefanya vyote viwili. Na ile dawa ya kupandisha presha nayo inauchochea, hawana jinsi, wakiiondoa anakufa. Tena madini fulani kwenye damu yalikuwa yameshuka. Nikamwuliza, "Kwa hiyo sauti ya mtoto?" Akasema, "Mama, hata ungemwekea kimya, moyo ungevurugika vile vile."

Nilibaki pale kwenye benchi nikajisikia mjinga mpaka kwenye kucha. Uliniambia niulize. Neno moja tu la kuuliza, nikakunyima, kisa najua. Nisamehe, mama. Niliogopa, na mimi nikiogopa huwa naamrisha. Umenilea nawe unanijua, nasema hivyo makusudi, maana kuna siku ulikuwa unanilea wewe.

Moyo wake umepata nafuu kidogo kwenye ile picha. Daktari anasema mioyo mingi hurudi vijidudu vikiisha, mingine hairudi yote. Hajui wetu utakuwa upi.

Tuma tena sauti. Tuma hata kumi. Na ukitaka kuja, njoo, sikuzuii tena.

Shangazi yako asiyelala vizuri kwa ajili yako

*

17 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Sijanuna. Nilinuna kidogo mwanzoni, baadaye nikawa sina neno tu. Nimefurahi kwa ajili ya rangi yake. Nimelia kwenye kapu la mashuka mpaka mwenzangu wa zamu akanipa shuka moja safi nijifutie, shuka zima, nikawa kama maiti iliyofunikwa. Tukacheka.

Nimekusamehe kabla hujaomba. Ila nikwambie kitu ambacho hata mimi kinanishangaza.

Siku zote hizi nikidhani sauti yangu imemdhuru, nilikuwa nateseka. Lakini ndani ya mateso yale kulikuwa na kitu kimoja nilichokishika: Baba amenisikia. Nimemwambia yale niliyomwambia, na yamefika, yamefika mpaka moyoni, hata kama moyo umekasirika. Kwa mara ya kwanza hakusema "haya." Sasa daktari wako ameniondolea kosa, namshukuru, Mungu amzidishie. Lakini ameniondolea na lile. Kumbe nilikuwa naongea na mtu aliyelala, na moyo wake ulikuwa na shida zake nyingine kabisa, wala haukuwa na habari nami.

Afadhali ningekuwa na kosa, Shangazi. Ujinga huu, lakini ndivyo ninavyojisikia.

Sauti sitarekodi tena. Siwezi. Yale yalitoka mara moja. Nikishika simu sasa nasikia aibu, naona kama naigiza.

Hapa kuna bibi mmoja wa chumba cha mwisho, kila asubuhi ananiita kwa jina la binti yake. Zamani nilikuwa namsahihisha. Siku hizi naitika. Anashika uso wangu anasema umechelewa, nami nasema nisamehe mama, njia ilikuwa mbaya. Anatulia, anakula uji wake. Nikitoka pale nakuwa nimemkumbuka Baba mpaka nasikia anakohoa koridoni, kile kikohozi chake cha vumbi la unga.

Niambie akiamka.

Mwanao

*

27 Juni

Mwanangu Kidomo,

Ameamka.

Nimesahau salamu. Hujambo? Haya, ameamka. Walianza kupunguza dawa za usingizi taratibu, akawa anafumbua jicho moja kama anachungulia wateja wasio na chenji. Mwanzo alikuwa amevurugikiwa, anapigana na mirija, anataka kushuka kitandani akawashe oveni, Nesi Kijiti akimwambia oveni imeshawashwa ndipo anatulia. Baadaye wakauondoa ule mpira wa kooni. Sauti yake imebaki ya kukwaruza, kama ya jogoo mgonjwa. Unajua neno lake la kwanza kwangu? "Unatumia maji ya moto mno, ndiyo maana mkate mgumu." Kwa hiyo ile hadithi yangu ya wateja aliisikia, au kanusa tu mkono wangu, sijui.

Nikapata tamaa. Nikasema, kama alinisikia mimi, basi na wewe atakuwa amekusikia. Nikamwuliza. Nikamwambia kila kitu, jinsi ulivyorekodi, nilivyofikiri, nilivyoifuta, nilivyokuzuia kuja. Alisikiliza ameangalia dari. Mwisho akasema hapana. Hakumbuki. Anakumbuka joto, anakumbuka watu wanamvuta mkono, na kwamba alikuwa amechelewa kazini na njia haiishi. Wewe hukuwemo.

Nikutobolee ukweli, nilitaka kukudanganya. Nilikuwa nimeshaanza kuandika kwamba alisema alikusikia na akatoa machozi. Nimelifuta hilo. Umedanganyika vya kutosha kwa sababu yangu, na wewe ungejua tu, unanusa uongo wangu tangu ukiwa na miaka minne.

Lakini sikiliza kilichofuata. Aliniuliza, "Alisema nini?" Nikamwambia sijui, alinikataza kusikiliza, na sasa imefutwa kwangu na kwake. Akageuka akaniangalia vile anavyomwangalia mtu aliyemwaga hamira. Akasema, "Mwambie aseme tena. Mwambie niko macho."

Ndiyo hayo. Kurekodi huwezi, sawa. Andika. Nitamsomea, au ukitaka nitampa simu asome mwenyewe, mimi nitatoka nje nikazungumze na Kijiti.

Kuhusu moyo: yule daktari msichana amepiga picha nyingine. Mapigo yanakwenda sawa kwa dawa. Nguvu imerudi, lakini si yote, na yeye anafikiri iliyobaki huenda isirudi. Atakunywa dawa ya kulainisha damu, maana moyo uliowahi kuvurugika hivyo huweza kutupa donge la damu kichwani. Nikamwuliza ana muda gani. Akasema wengine wanaishi miaka mingi, wengine mwaka hauishi wanarudishwa hospitali. Nikamwambia, "Mama, jibu gani hilo?" Akasema ndilo analolijua.

Anarudi nyumbani wiki hii. Kukanda unga haruhusiwi. Nani atamwambia, sijui, nasikia wewe ni jasiri.

Shangazi yako

*

29 Juni

Baba,

Shikamoo. Pole kwa ugonjwa, pole kwa mkono, pole kwa kushinda unatazama dari. Unakula? Dawa unakunywa, au Shangazi anakukimbiza nazo?

Hii ni yako peke yako. Nimemwambia Shangazi atoke na nadhani amesimama nyuma ya mlango. Shangazi, ondoka.

Maneno yenyewe siyakumbuki yalivyokuja. Nakumbuka nilichotaka kukwambia, nacho ni hiki. Nataka kurudi nyumbani.

Nimetaka tangu wiki ya kwanza. Sikusema, kwa sababu nilikuwa nimeng'ang'ania sana kuja huku, niliongea mwaka mzima ndani ya ile nyumba mpaka ukanyamaza. Kazi siichukii, na wazee wananipenda. Wale wanaocheka kwenye picha ninazotuma ni sisi kweli, tunacheka kwa ajili ya picha, halafu kila mtu anarudi kwenye zamu yake. Ila nikiamka alfajiri, kabla sijakumbuka niko wapi, nasubiri harufu ya mkate ije chini ya mlango. Haiji. Kila siku nasubiri na haiji, na mimi ni mtu mzima.

Kila Jumapili nikikupigia nilitaka ujue. Nilitaka useme "mwanangu, una nini?" Ukawa unasema "haya." Nikawa nasema moyoni labda hataki nirudi. Labda siku ile hakutoka nje kwa sababu alishamalizana nami.

Basi nilikwambia sikioni: Baba, usife kabla hujanijibu. Ulikasirika? Kwa nini hukugeuka? Na naomba ruhusa nirudi. Nikitoka huku sasa sitaweza kuingia tena, najua, nimeshafikiri. Sikuombi kwa ajili ya ugonjwa wako. Hata ungekuwa unabeba magunia ningeomba.

Hayo ndiyo. Nimeyasema na wewe uko macho.

Binti yako

*

3 Julai

Mwanangu,

Sijambo. Naandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu huu mwingine bado umefungwa. Shangazi yako atapiga picha karatasi hii akutumie. Nimemwambia asisome. Anasoma.

Sikukasirika. Siku ile ningegeuka nisingekuacha upande lile gari. Ningekuvua begi mbele ya watu wote, na ulikuwa umelitaka jambo lile sana. Kwa hiyo niliiangalia oveni. Ilikuwa tupu, hakuna mkate ndani, sijui kama uliona.

Jumapili nilikuwa nasema haya kwa sababu nikizidisha neno moja ningekwambia urudi. Nimekaa na neno hilo mdomoni muda wote huu, nimekaribia kuondoka nalo.

Ruhusa haiombwi. Hapa ni kwenu. Wameniambia moyo wangu haujarudi wote na hawajui utanichukua mpaka wapi. Mimi pia sijui. Natembea kutoka kitandani mpaka mlangoni, napumzika, narudi. Kila asubuhi nafanya hivyo, na shangazi yako anadhani ni mazoezi ya daktari.

Njoo, mwanangu. Safari hii nitageuka.

Baba